Mifuko Miwili Mikavu

Bi Mifuko alikuwa amelala kifudifudi kati ya mistari miwili ya mahindi, mdomo umejaa tope, na nzi walikuwa wamefika kabla ya polisi.

Inspekta alikunja pua. Askari wenzake walimbandika jina la Kinyaa miaka mingi iliyopita, kwa sababu hakuna kitu alichokitazama bila kukunja pua: chai ya kituoni, taulo za hoteli, watu waongo. Lakini asubuhi ile hata Sajini wake, mwanamke mwenye ulimi mkali ambaye hakosi la kumtania, alitoa daftari bila utani.

"Ana umri gani?" Kinyaa aliuliza.

"Hamsini na nane, afande. Kituo hiki cha utafiti amekifanyia kazi miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuvisha mahindi mifuko. Jina limetoka huko."

"Kuvisha mahindi mifuko?"

"Kila hindi changa linafunikwa na mfuko wa karatasi lisije likapata chavua ya jirani. Watafiti ndio wanaolichagulia baba. Mlinzi kanieleza. Mimi nilikuwa sijui kama mahindi nayo yanaposwa."

Daktari wa uchunguzi wa maiti aliinuka, akajifuta magoti. "Amepigwa mara mbili kisogoni. Pigo la kwanza lilimwangusha, la pili likammaliza. Ni leo leo, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu."

"Silaha?"

"Hiyo hapo."

Hatua tatu kutoka kwenye mwili kulikuwa na kigingi cha mbao, kile kinachobeba namba ya shamba. Kiling'olewa, kikatumika, kikafutwa kwa majani, kikatupwa. Namba saba ilikuwa bado inasomeka vizuri upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na unywele mweupe umenasa kwenye ufa.

Kinyaa alichuchumaa. Marehemu hakuanguka kimya kimya. Alishika mimea miwili, akairarua, mifuko yake miwili ikang'oka na kwenda naye chini. Ilikuwa chini ya kifua chake, imeloa damu na tope. Basi mahindi yale mawili yalipaswa kuwa wazi. Hayakuwa wazi. Kila moja lilikuwa limevaa mfuko mpya, safi, umesimama wima.

"Sajini, hebu gusa huu."

"Mkavu."

"Na ule wa mstari wa pili?"

"Umelowa chepechepe. Umande."

"Na huu mwingine?"

"Umelowa. Yote imelowa, afande. Ni hii miwili tu mikavu." Sajini akamtazama mkubwa wake, kisha akaitazama ile mifuko tena. "Mtume! Unataka kuniambia mtu alisimama hapa, bibi wa watu anakata roho miguuni pake, akaanza kuvisha mahindi nguo?"

"Ndivyo ninavyoona."

"Huyo ni mtu au ni nini?"

Kinyaa aliinamia ile mifuko. Aliona jambo jingine. Mifuko yote ya shamba lile ilibanwa kwa pini. Ile miwili mikavu haikuwa na pini. Mdomo wake ulikunjwa mara tatu, kisha kona ikachomekwa ndani, nadhifu kabisa, kama shuka la hospitali. Karatasi yenyewe ilikuwa ya nta. Akamwita mtaalamu wa alama za vidole.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa dada yake mkubwa, mkulima, mtu asiyejua kunong'ona.

"Mdogo wangu, wewe uko karibu na wakubwa, hebu niulizie. Ile mbegu ya Daktari inagawiwa kesho kweli?"

"Wanasema kesho, dada."

"Maana shamba lote nimeshasafisha. Nimeng'oa mpaka mihogo. Misimu miwili ugonjwa wa milia umenila, majani yanatoka michirizi myeupe, hindi halibebi kitu. Ile ya zamani sikubakiza hata kibaba, nimewatwangia watoto ikaisha. Nimejiandikisha namba kumi na tisa. Basi usiniangushe."

"Nitakupigia, dada."

Akarudisha simu mfukoni. Mbegu ya Daktari, mkuu wa kituo hiki, ilikuwa imezaliwa hapa hapa, kwenye tope hili alilosimama, na wakulima elfu nne walikuwa wameandika majina yao.

Mlinzi wa lango alikuwa mzee mwenye mguu mbovu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ameshika kikombe, hanywi.

"Nani aliingia asubuhi?"

"Bi Mifuko, saa kumi na mbili na robo. Akaniuliza habari za mguu, akapita."

"Mwingine?"

"Hakuna mpaka saa mbili. Labda wanaolala humu humu, hao hawapiti kwangu."

"Nani analala humu?"

"Daktari tu. Nyumba yake iko nyuma ya maabara."

"Kelele ulisikia?"

"Afande, mimi nimewekwa kulinda lango, sikuwekwa kulinda mahindi." Kisha aibu ikamshika, akainamisha kichwa. "Sikusikia. Saa mbili kasoro nikampelekea chai yake, tunakunywa pamoja kila siku. Nikamkuta vile. Chai yake ndiyo hii."

Kinyaa alikitazama kikombe. Kulikuwa na utando juu, na nzi ndani yake. Hakukunja pua.

Ofisi ya Daktari ilinukia manukato. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mtanashati, shati limepigwa pasi hadi kola inakata. Ukutani picha zake saba: anapeana mikono, anakata utepe, ameshika hindi kubwa kama mtu aliyeshika kikombe cha ubingwa. Mbegu ile haikupewa jina lake, lakini watu waliiita ya Daktari, naye hakuwahi kumkanya mtu.

"Pole na kazi, Inspekta. Msiba mkubwa. Nilipokuja hapa nikiwa mwanafunzi, mama yule ndiye aliyenishika mkono. Nilikuwa namwita Mama."

"Tunasikitika pamoja nawe."

"Ahsante. Samahani, mwili mtauondoa saa ngapi?"

"Kwa nini?"

"Kuna wageni wa ugawaji wanapita mchana kuona shamba namba saba. Haitapendeza."

Kinyaa alijisikia kama mtu aliyeuma yai viza. Akaendelea kuuliza.

"Mara ya mwisho kuingia shamba hilo ilikuwa lini?"

"Wiki iliyopita. Siku hizi mimi ni mtu wa karatasi tu."

"Leo saa moja asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Naandika hotuba."

"Peke yako?"

"Hotuba huandikwa na watu wangapi, Inspekta?"

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Bi Mifuko? Ah wapi! Alikuwa mkorofi kidogo kwenye kazi, hataki mtu akosee. Lakini ugomvi, hapana."

"Mtaalamu wangu anachukua alama za vidole za kila mtu."

"Baada ya wageni, tafadhali. Siwezi kupeana nao mikono nina wino."

Nje, Sajini alisema, "Afande, huyu bwana kanawa mpaka roho."

"Kanawa kitu. Sijui bado ni kitu gani."

Msimamizi wa maabara alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, macho mekundu, koti jeupe limefungwa vifungo kwenda kombo. Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma kidogo kidogo.

"Tueleze kazi yenu," Kinyaa alisema. "Taratibu, kama unamweleza mtoto."

"Kuna jeni inayozuia milia. Kwa macho huioni. Tunatoboa kipande cha jani, kadiri ya kifungo cha shati, tunatoa vinasaba vyake, mashine inatuambia jeni ipo au haipo. Mmea wenye jeni tunauzalisha, usio nayo tunaung'oa. Hapo huna haja ya kusubiri ugonjwa ukuoneshe."

"Kwa hiyo mmea uliopimwa una tundu kwenye jani."

"Lazima. Tundu moja, la duara."

"Nani anatoboa?"

"Zamani alikuwa Bi Mifuko. Misimu mitatu hii, Daktari mwenyewe. Ananiletea trei ina vipande tisini, mimi napima."

"Na majibu?"

"Mazuri." Sauti ilikuwa ndogo. "Tisini kwa tisini."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Wewe ni mtaalamu. Tisini kwa tisini kila mara, hukushtuka?"

Dada yule alikodolea meza macho. "Nilijitia hamnazo, afande. Yeye ni mkubwa wangu. Lakini jana jioni Bi Mifuko alikuja hapa, akasimama pale pale uliposimama. Akaniuliza, 'Mwanangu, mbona mimea yangu haina matundu?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia akamuulize Daktari." Akaanza kulia, na safari hii hakujifuta. "Nilimsukumia mzigo. Ningemwambia nyamaza tu, leo angekuwa hai."

Kinyaa alitoa simu mfukoni. Alimwonesha picha ya mfuko mmoja mkavu. "Mkunjo huu unaujua?"

"Huo ni wa Bi Mifuko. Siku hizi sote tunatumia mashine ya pini, hata yeye. Ila alikuwa anatucheka, anasema enzi zake pini zilikuwa hazipo. Alijaribu kunifundisha ukanishinda."

"Kuna mwingine anayeuweza?"

"Simjui. Huo ni wake peke yake."

"Huu ulikunjwa yeye akiwa ameshakufa."

Msimamizi alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo.

Walirudi shambani, mwili umeshaondolewa. Kinyaa alichukua mistari ya kushoto, Sajini ya kulia. Waligeuza majani, mmea mmoja baada ya mwingine, majani yenye makali yanayokata vidole. Walitafuta tundu moja la duara.

"Nimemaliza mistari sita," Sajini alipaza sauti. "Sifuri."

"Mimi vilevile."

"Yaani wakulima elfu nne wanauziwa mbuzi kwenye gunia?"

"Sema pole pole." Kinyaa aliliachia jani. Akilini alimwona dada yake amesimama kwenye shamba tupu, mkono kiunoni, anamsubiri. Akamwagiza msimamizi wa maabara achukue majani ya mimea kumi ya shamba hilo mbele ya askari na aipime papo hapo. Angehitaji saa tatu.

Zile saa tatu Kinyaa hakuzilalia. Alituma mtu kumwita Daktari aje kutambua kigingi.

Daktari alikuja amevaa buti safi, anatazama saa. Kinyaa alikuwa amesimama karibu na hindi moja changa, anachezea mfuko wake kama mtu asiye na kazi.

"Kigingi kiko wapi? Wageni wangu wamefika."

"Kinaletwa. Hivi humu ndani mnaficha nini?" Akauvuta mfuko. Pini ikakatika. Ndevu za hindi zikachomoza, mbichi, za rangi ya dhahabu. Mfuko ukamponyoka, ukaangukia tope.

"Unafanya nini wewe!" Daktari alipiga kelele. "Saa hizi chavua inaruka!"

"Samahani. Mikono yangu mizito."

Lakini Daktari hakumsikia. Mkono ulikuwa umeshaingia mfuko wa suruali na kutoka na mfuko wa karatasi, mtu wa karatasi yule. Akalifunika hindi. Akakunja mdomo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akachomeka kona ndani, akaminya kwa dole gumba mpaka ikalala. Hazikupita sekunde kumi. Aliporudi nyuma hatua moja kuangalia kazi yake, ndipo alipoona kwamba wote wanaitazama mikono yake.

"Mkunjo mzuri," Kinyaa alisema. "Nani alikufundisha?"

Daktari alirudisha mikono mfukoni.

"Sajini, vaa glavu. Uchukue huo mfuko."

Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa ndani ya gari na lenzi yake. Alitoka baada ya dakika ishirini. "Dole gumba la kulia, afande. Lililokuwa kwenye mifuko miwili mikavu na hili la sasa ni moja. Nukta kumi na nne zinalingana. Mbele ya hakimu yeyote nasimama."

Kwa alama hiyo wakapata hati ya upekuzi. Nyuma ya nyumba ya Daktari kulikuwa na kibanda cha vioo, kimefungwa, na ufunguo wake ulikuwa kwenye mnyororo shingoni mwake. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maji yaliyolala. Katikati, ndani ya ndoo, ulikuwapo mmea mmoja wa mahindi.

Sajini ndiye aliyeukaribia kwanza. "Ala!"

Majani yote yalikuwa yametobolewa. Matundu ya duara, mstari kwa mstari, kutoka ncha hadi shina, mpaka jani limekuwa chujio. Mmea ulikuwa wa manjano na umeinama, umebeba hindi moja jembamba lililofunikwa mfuko. Kinyaa alihesabu hadi tisini, akaacha. Wakulima elfu nne walikuwa wamepimiwa kwa mmea huu mmoja.

Simu ikaingia kutoka maabara. Msimamizi alisema maneno machache tu. Mimea kumi ya shamba namba saba. Jeni haipo. Kumi kwa kumi.

Walimkalisha Daktari kwenye kiti chake mwenyewe, chini ya picha zake. Sajini akaandika.

"Huna lazima ya kusema lolote," Kinyaa alisema. "Utakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Jeni ilipotea lini?"

Daktari alitazama mikono yake. "Msimu ule Mama alikuwa mgonjwa. Nikachavusha mwenyewe. Nikachukua mfuko wa chavua wa mstari wa jirani. Asubuhi moja tu, Inspekta. Nilikuwa na haraka."

"Ukagundua?"

"Nilipopima. Kizazi chote hakikuwa nayo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nimeshatangaza. Nimeshapigwa picha. Kuanza upya ni miaka sita."

"Kwa hiyo?"

"Watu wangenicheka."

Kalamu ya Sajini ilisimama. Kinyaa akamwashiria aandike. "Wangekucheka," alirudia. "Endelea."

"Punje za zamani, zenye jeni, zilibaki tatu. Kila msimu nikapanda moja kwenye ndoo, nikatoboa humo. Huo ulioko sasa ndio wa mwisho."

"Ukawapaka wakulima mafuta kwa mgongo wa chupa, misimu mitatu. Na milia ikiingia shambani kwao?"

"Ningesema mvua. Ningesema hawakufuata maelekezo. Mkulima huwa haulizi."

Kinyaa aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Alitaka kumpiga, na alijua akimpiga atalazimika kumgusa.

"Leo asubuhi."

"Nilimfuata shambani. Alikuwa ameshajua. Hakugomba. Ningependa angegomba." Sauti ya Daktari ilianza kukwaruza. "Alinishika mkono akasema, 'Mwanangu, kesho tutasema pamoja, mimi na wewe. Usiposema, nitasema peke yangu.' Kisha akachukua mashine yake ya pini, akaendelea na kazi."

"Akakupa kisogo."

"Ndiyo."

"Mtu anayekuogopa hakupi kisogo."

Daktari alijifunika uso.

"Na mifuko?" Kinyaa aliuliza. "Hilo ndilo silielewi. Ulijua shamba zima ni bure. Mahindi ya kutupa. Mifuko ya nini?"

"Ndevu zilikuwa wazi."

"Nimekuuliza mifuko ya nini."

"Ndevu zilikuwa wazi," Daktari alisema tena, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kuulizwa. "Alinifundisha mwenyewe. Haziachwi wazi."

"Hindi ukalifunika. Yeye ukamwacha, nzi wanaingia mdomoni." Kinyaa alifungua mlango. "Mfunge pingu, Sajini. Mtoe hapa kabla sijatapikia zulia lake."

Mchana wote ulikwisha kwa kazi. Magunia ya mbegu yaliwekewa lakiri. Wageni wakaondolewa, wengine wakiuliza kama chakula kilichoandaliwa bado kipo. Msimamizi wa maabara alitoka kwenye kibanda cha vioo amekumbatia ile ndoo, hataki askari aishike.

"Hiki ni kielelezo," koplo mmoja alimwambia.

"Ndio mmea pekee uliobaki wenye jeni. Ukikaa stoo ya polisi siku mbili umekufa. Hindi lake likikomaa, hata likiwa na punje kumi, naanza nazo."

"Miaka mingapi?" Kinyaa aliuliza.

"Sita. Nikifanya kila kitu sawasawa."

Kinyaa alichukua karatasi ya vielelezo, akaandika kwa mkono wake: Kielelezo namba nne kibaki maabara chini ya ulinzi. Kimwagiliwe kila siku. Akatia sahihi. Koplo alikuwa hajawahi kuona maelezo ya namna hiyo, lakini aliyabandika kwenye ndoo.

Kisha akasogea pembeni, akapiga simu aliyokuwa ameiahirisha tangu asubuhi.

"Dada. Ile mbegu haipo."

"Imechelewa?"

"Haipo kabisa. Ni uongo. Ukisikia mtu anaigawa, usiipande."

Upande wa pili kitu kizito kiliwekwa chini. Kwa mbali alisikia kuku, na mtoto anaitwa.

"Nimeng'oa mihogo," dada yake alisema.

"Najua."

"Mvua ni wiki ijayo. Mbegu ya zamani tumeshakula. Sasa nipande nini?"

Kinyaa aliitazama ndoo, mmea umeinama, mwanga wa jua unapita kwenye matundu yake na kutua kwenye koti la msimamizi. Akaihamishia simu sikio la pili.

"Mdogo wangu? Upo?"

"Nipo, dada," alisema. "Nipo."